Kujifunza Lugha za Kanda ya Kati kwa Msaada wa Simu: Mwongozo kwa Mjifunzaji wa Cigogo, Kirangi na Kisandawe

Mkazi wa Dodoma anayetaka kujifunza Kifaransa, Kichina au Kiingereza hukuta masomo yamekwisha kuandaliwa ndani ya simu yake, kuanzia maamkizi hadi sarufi, na hata mgeni wa Ulaya anayetaka Kiswahili amekuwa na somo lake kwenye Duolingo tangu mwaka 2017. Hali hubadilika kabisa mkazi huyohuyo anapotaka kujifunza Cigogo, lugha inayosikika mnadani Msalato na katika vijiji vya Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa, au Kirangi cha Kondoa, au Kisandawe cha Kwa Mtoro. Akitafuta hukosa somo lililopangwa, kamusi inayosema, na redio ya kumzoeza, kwa kuwa vituo vya redio nchini hutangaza kwa Kiswahili na kwa sehemu ndogo kwa Kiingereza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mjifunzaji wa aina hiyo: kijana aliyekulia mjini ambaye huongea na bibi yake kwa Kiswahili kwa sababu hana njia nyingine, mtumishi aliyehamia Dodoma baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kuwa inahamia huko na ambaye sasa ana majirani Wagogo, au mwalimu, muuguzi na bwana shamba aliyepangiwa kazi Chemba au Kondoa. Hoja inayoongoza kurasa hizi ni kwamba kwa lugha hizi mwalimu yuko nje ya simu. Mwalimu ni bibi, babu, jirani au mama muuza mboga, na kazi ya teknolojia ni kumfanya mwalimu huyo asikike mara nyingi zaidi ya muda anaoweza kukaa na mwanafunzi wake. Kwa hiyo kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote ndani ya simu ni kinasa sauti, ambacho watu wengi hawajawahi hata kukifungua.

Lugha zenyewe na kile zinachodai

Kanda ya Kati ina mchanganyiko wa lugha usio wa kawaida barani Afrika. Cigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha za Kibantu. Kiburunge na Kialagwa, vinavyozungumzwa upande wa Kondoa na Chemba, ni vya Kikushi. Kibarabaig, ambacho ni tawi la Kidatoga, ni cha Kiniloti. Na Kisandawe ni lugha ya vidoko, yaani konsonanti zinazotamkwa kwa ulimi kubandikwa kwenye meno au kaakaa kisha kubanduliwa huku hewa ikivutwa ndani, na hakina ndugu wa karibu miongoni mwa majirani zake. Tofauti hizi zina matokeo ya moja kwa moja katika namna ya kutumia vifaa, na mjifunzaji anayezipuuza hupoteza miezi.

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza Cigogo au Kirangi ana daraja la kuvukia. Mfumo wa ngeli anao tayari, viambishi vya nafsi na vya wakati hukaa mahali anapopatarajia, na akisikia *munhu* na *wanhu* katika Cigogo hahitaji kuelezwa umoja ni upi na wingi ni upi. Mtu wa namna hii anaweza kuanza na sentensi nzima tangu wiki ya kwanza. Anayeanza Kisandawe hana daraja hilo, hivyo anashauriwa kutumia majuma ya mwanzo kwa kusikiliza tu, bila haraka ya kutamka wala kuandika, mpaka sikio lake liweze kutenganisha kidoko kimoja na kingine.

Hata hivyo daraja la Kibantu lina udanganyifu wake. Sauti inayoandikwa *nh* katika *munhu* ni nazali inayotamkwa kwa pumzi, bila mtetemo wa kawaida wa koo, na msomaji anayeiona kwenye karatasi huitamka kama n na h zilizofuatana. Kirangi kina irabu saba badala ya tano za Kiswahili. Zaidi ya hayo, lugha hizi zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno au wakati wa kitenzi, na kwa kuwa Kiswahili hakitumii toni kwa kazi hiyo, sikio lililolelewa kwa Kiswahili huisikia na kuiacha ipite. Maandishi ya kawaida ya lugha hizi kwa sehemu kubwa hayaonyeshi toni. Orodha ya maneno iliyoandikwa daftarini, hata ikiwa ndefu kiasi gani, ni nusu tu ya lugha, na nusu iliyobaki imo katika sauti.

Mfano wa sarufi utaonyesha kwa nini sentensi nzima ni bora kuliko neno mojamoja. Katika Kirangi, sentensi kuu ya wakati ujao hutanguliza kitenzi kikuu, kisha kitenzi kisaidizi hufuata nyuma yake, mpangilio ambao ni nadra sana katika lugha za Kibantu na ambao wanaisimu wameuandikia kwa kirefu. Mjifunzaji aliyekusanya vitenzi mia moja vikiwa vimetengana hatakutana na jambo hili kamwe, na atakapojaribu kusema atakachofanya kesho atapanga maneno kwa utaratibu wa Kiswahili. Aliyenasa babu akieleza shughuli za msimu ujao wa kilimo atakuwa nalo mara kumi ndani ya dakika mbili.

Kunasa sauti ya mwalimu

Kazi huanza kabla simu haijatolewa mfukoni. Mjifunzaji afike, aamkie kwa Cigogo chenyewe, *mbukwa* kwa mtu mmoja na *mbukwenyi* kwa wengi, akae, aulizane hali na wenyeji, kisha ndipo aeleze anachotaka kujifunza na kuomba ruhusa ya kurekodi. Mzee aliyeelekezewa simu usoni kabla ya salamu huwa anajibu kwa Kiswahili cha mkutano, kwa sababu amechukuliwa kama shahidi, na Kiswahili hicho hakimsaidii mjifunzaji chochote.

Majira yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo wazee wengi wa vijijini wako shambani kutwa. Baada ya mavuno ya mtama, uwele na karanga muda wa mazungumzo huwa mwingi, lakini ndipo pia upepo mkavu wa uwanda unapovuma kwa nguvu, na upepo ukipiga kwenye tundu la kipaza sauti hutoa mngurumo unaofunika konsonanti zote. Kwa sababu hiyo kurekodi chini ya mbuyu, ingawa kunapendeza kwa picha, ni uamuzi mbaya. Nyumba ya bati nayo ina tatizo lake, kwani kuta tupu za saruji na paa la bati hurudisha mwangwi. Penye tembe, ile nyumba ya Kigogo ya kuta za udongo na paa bapa la udongo, hapo ndipo mahali bora kuliko studio nyingi, kwa kuwa udongo hunyonya sauti na kuzuia upepo. Pasipokuwa na tembe, chumba chenye kitanda, godoro na nguo zilizotundikwa kinatosha.

Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili isiite katikati ya maneno, ilazwe juu ya kanga iliyokunjwa, umbali wa shubiri moja au mbili kutoka mdomo wa msemaji, na tundu la kipaza sauti, ambalo katika simu nyingi liko upande wa chini, limwelekee yeye. Programu ya kinasa sauti ikitoa uchaguzi wa muundo wa faili, achague WAV, muundo unaohifadhi sauti bila kuibana. Ikiwa nafasi ni ndogo, MP3 ya kiwango cha juu itafaa kwa kujifunzia. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa sana ili usafiri kwa bando dogo, na sauti nyembamba zinazotofautisha kidoko na kidoko, au n na nh, ndizo zinazoweza kufifia mwanzo. Kwa mazungumzo ya kila siku unafaa, kwa somo la matamshi haufai.

Jambo la kuuliza ni muhimu kuliko kifaa. Swali la aina ya "mbuzi mnamwitaje?" huleta neno moja lililokauka, na baada ya maneno kumi msemaji huchoka. Swali linaloleta lugha hai ni lile linalomtaka aeleze jinsi jambo linavyofanyika: mlenda hukaushwaje hadi ukae mwaka mzima, ugali wa uwele husongwaje, zeze hutengenezwa kwa mti gani, mtu anayekwenda Mvumi kwa miguu hupita wapi. Maelezo ya namna hiyo hujirudia yenyewe, hufuata mpangilio ambao mjifunzaji anaujua tayari, na hutumia vitenzi vilevile katika nyakati mbalimbali. Mwenye kukosa maswali anaweza kuyapata katika *Historia, Mila na Desturi za Wagogo*, kitabu cha Mathias Mnyampala cha mwaka 1954, ambacho ingawa kimeandikwa kwa Kiswahili, kinagusa mambo mengi ambayo mzee wa Kigogo atafurahi kuyazungumzia kwa lugha yake. Dakika tatu zinatosha kwa kikao kimoja. Mjifunzaji mwenye saa nzima ya sauti asiyoielewa amejipatia mzigo, na mwenye dakika tatu alizozichambua hadi mwisho amejipatia somo.

Baada ya dakika hizo tatu hufuata hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayogeuza rekodi kuwa somo. Simu ya kwanza hucheza rekodi sentensi moja, kisha husimamishwa; mzee huirudia sentensi hiyo polepole na kwa uwazi, halafu huieleza kwa Kiswahili, na simu ya pili hunasa yote mawili. Wanaisimu hutumia utaratibu huu kuhifadhi lugha ambazo wazungumzaji wake hawaziandiki, na programu ya Aikuma, iliyobuniwa na Steven Bird na wenzake, ilitengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Programu maalumu hailazimiki, maana simu mbili za kawaida, hata moja ikiwa ya kuazima, zinafanya kazi hiyo. Kinachopatikana ni sauti ya kasi ya kawaida, sauti ya polepole na maana yake, vyote kutoka kinywa kimoja, bila mzee kulazimika kujua kusoma wala mjifunzaji kukisia tahajia.

Kila faili lipewe jina siku hiyohiyo, kwa utaratibu mmoja usiobadilika, kwa mfano mwaka, mwezi na tarehe, kisha kijiji, mada na namba: *2025-07-12_Mvumi_mlenda_01*. Simu hupanga majina ya aina hii kwa tarehe bila kuombwa. Anayeacha majina yanayotolewa na simu yenyewe atajikuta baada ya miezi miwili akifungua faili moja baada ya jingine kutafuta sauti ya bibi.

Kusikiliza, kurudia na kukumbuka

Rekodi ikishapatikana, mjifunzaji anahitaji kifaa cha kuipunguza kasi. WhatsApp huongeza kasi ya ujumbe wa sauti, haiipunguzi, hivyo faili lichezwe kwa programu nyingine kama VLC, ambayo ni ya bure na inaruhusu kasi ishuke hadi robo tatu au nusu bila sauti kugeuka nzito. Mwenye kompyuta atumie Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kukata rekodi katika vipande vya sentensi mojamoja na kuvihifadhi kama mafaili madogo.

Zoezi la msingi juu ya vipande hivyo ni kufuatisha, yaani kusema pamoja na rekodi huku mjifunzaji akiwa nyuma yake kwa nusu neno, bila kusimamisha na bila kusoma popote. Mwanzoni huwa ni kubabaika kutupu. Baada ya siku chache mdomo huanza kushika mwendo wa lugha, pamoja na toni ambayo mjifunzaji hakuweza kuisikia alipokuwa akisikiliza tu, kwa sababu mtu huitambua toni vizuri zaidi pale koo lake linaposhindwa kuifuata. Ajirekodi akifuatisha, kisha asikilize rekodi ya mwalimu na yake zikifuatana. Zoezi hili ni gumu na halipendezi masikioni, lakini hakuna jingine linalofikia faida yake katika matamshi.

Kwa upande wa kumbukumbu, msingi uliopo ni wa zamani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yaliyoonyesha kuwa sehemu kubwa ya kinachokaririwa husahaulika mapema sana na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi kati yake hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Anki, programu ya kadi iliyoanza mwaka 2006, hutumia kanuni hiyo: kadi iliyojibiwa kwa urahisi hurudi baada ya siku nyingi, na iliyoshinda hurudi karibuni. Kwenye kompyuta na simu za Android ni ya bure, na ikishasakinishwa hufanya kazi bila intaneti, jambo lenye maana kubwa kwa mtu anayekaa mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda juu ya kichuguu.

Wengi huiharibu Anki kwa kuweka neno la Kiswahili upande mmoja na neno la Cigogo upande wa pili. Kadi ya namna hiyo huzoeza akili kutafsiri, na mtafsiri huchelewa kujibu salamu. Kadi inayofaa huwa na sauti pekee upande wa mbele, kile kipande cha sentensi kilichokatwa kutoka rekodi, na nyuma yake huwa na sentensi iliyoandikwa pamoja na maana. Kadi nne au tano mpya kwa siku zinatosha. Asiye na simu janja anaweza kupata faida kubwa kwa njia ya Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani aliyeeleza mwaka 1972 mfumo wa sanduku lenye vyumba kadhaa: kadi ya karatasi ikijibiwa sawasawa husogezwa chumba cha mbele kinachokaguliwa mara chache zaidi, na ikishinda hurudi chumba cha kwanza. Sauti zenyewe anaweza kurushiwa kwenye memori kadi na kuzisikiliza kwa kitochi, kwa kuwa kitochi chenye sehemu ya memori kadi hucheza MP3 bila shida yoyote.

Kuandika

Maandishi yaje baada ya sikio, lakini yaje. Kila lugha ina utaratibu wake wa tahajia, na kuuchanganya na wa jirani huzaa makosa yasiyoisha. Herufi c katika Cigogo husomwa kama ch ya Kiswahili, ilhali katika maandishi ya Kisandawe c, q na x hutumika kwa vidoko. Kirangi huandikwa kwa herufi mbili zisizokuwamo katika Kiswahili, ɨ na ʉ, kwa ajili ya irabu mbili za ziada, na jina la lugha yenyewe huandikwa Kɨlaangi. Anayeziacha herufi hizo na kuandika i na u za kawaida kwa kuwa kibodi yake haina nyingine ameziunganisha irabu nne kuwa mbili, na hataweza kuzitenganisha tena atakapoyasoma maandishi yake baada ya mwaka.

Tiba yake ipo. Herufi zote hizo zimo katika Unicode, msimbo wa kimataifa unaoipa kila herufi ya dunia namba yake ili kifaa chochote kiionyeshe sawasawa, na Keyman, programu ya bure ya kibodi, huwezesha kuziandika kwenye simu na kompyuta. Simu nyingi za Android zina hata Kɨlaangi katika orodha ya lugha za mipangilio, jambo ambalo Warangi wachache wanalijua. Anayelichagua ataona majina ya siku na miezi kwa Kirangi, ingawa menyu zitabaki katika lugha nyingine. Ni jambo dogo, lakini kwa kijana wa Kondoa aliyeambiwa kuwa lugha yake si ya kompyuta, ni uthibitisho anaoweza kuushika mkononi. Pamoja na hayo, sehemu ya kusahihisha maneno kiotomatiki izimwe, kwani simu isiyoifahamu lugha huligeuza kila neno kuwa la Kiswahili au la Kiingereza, na mwandishi asipokuwa makini hutuma ujumbe usio wake.

Kwa anayetaka kusoma zaidi, Kisandawe kimeandikwa tangu daktari Mjerumani Otto Dempwolff alipochapisha kitabu chake mwaka 1916, na sarufi ya Helen Eaton ya mwaka 2010 pamoja na kamusi iliyohaririwa na Christopher na Patricia Ehret mwaka 2012 ni vitabu vya Kiingereza vinavyomfaa msomaji mvumilivu. Cigogo kina Biblia nzima iliyochapishwa karne iliyopita, ambayo ni hazina kubwa ya sentensi, ingawa lugha yake ni ya kimaandiko na mjifunzaji asiitumie kununulia mboga. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa *Atlasi ya Lugha za Tanzania* mwaka 2009, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, huweka tasnifu za wanafunzi wake katika hifadhi ya kidijitali ambamo anayetafuta jina la lugha anaweza kukuta utafiti uliofanywa na mzawa wa lugha hiyo.

Muziki nao usisahauliwe. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliimba kwa Cigogo akipiga ilimba na zeze hadi majukwaa ya Ulaya, na albamu yake *Chibite* ya mwaka 1996 inapatikana mtandaoni, kama zinavyopatikana video za vikundi vya Chamwino. Nyimbo hizo ni nzuri kwa kuzoesha sikio na kwa kumpa mjifunzaji sababu ya kuendelea. Hazifai kuwa somo la kwanza la matamshi, kwa kuwa melodia hukunja toni, huvuta irabu na kuingiza silabi za kupamba zisizo na maana.

Mazungumzo ya mbali, na mitambo ya kutafsiri

Kundi la WhatsApp la familia ni darasa lililokwisha kufunguliwa, na kinachokosekana ni sheria moja tu: kwamba katika saa fulani, tuseme baada ya chakula cha jioni, ujumbe wote uwe wa sauti na uwe kwa lugha ya nyumbani. Mjifunzaji aulize swali moja kwa siku lisilozidi sekunde thelathini, ajibiwe na shangazi au mjomba yeyote aliye macho, kisha ayarudie majibu kwa maneno yake mwenyewe. Wakubwa wa kundi waombwe mapema wasimcheke, maana kicheko cha ndugu kimewanyamazisha vijana wengi kuliko ugumu wa sarufi. Anayekosea asahihishwe kwa kusemewa sentensi sahihi, bila maelezo marefu, naye airudie.

Kuhusu mitambo ya kutafsiri, mjifunzaji awe na tahadhari kubwa. Google iliongeza lugha 110 katika huduma yake ya tafsiri mwaka 2024, zikiwamo Kijaluo, Kiacholi na Kirundi, lakini Cigogo hakikuwamo. Mitambo ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo mtandaoni, na pale maandishi yanapokuwa haba mtambo hukisia: ukiulizwa sentensi ya Kisandawe au ya Cigogo unaweza kutoa kitu chenye sura ya lugha hiyo, kwa uhakika uleule unaotumia kwa Kiingereza, na kisiwe lugha ya mtu yeyote. Mjifunzaji wa mwanzo hana uwezo wa kutambua kosa, na kosa lililokaririwa ni gumu kung'oa. Mitambo hiyo itumike kwa yale inayoyamudu, kama kufafanua istilahi za isimu au kufupisha kwa Kiswahili sura ya kitabu cha Kiingereza, na kila sentensi ya lugha lengwa itoke kwa mtu anayeizungumza.

Ridhaa na uhifadhi

Sauti ya mtu ni mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu kukusanya na kusambaza taarifa zinazomtambulisha mtu, na hata pasipo sheria heshima ya kawaida ingedai vivyo hivyo. Ridhaa inaweza kunaswa kwa sauti mwanzoni mwa rekodi, mzee akieleza kwa lugha yake nani anaruhusiwa kusikiliza: mjifunzaji peke yake, ukoo, au mtu yeyote. Ruhusa ya kujifunzia haimaanishi ruhusa ya kupakia YouTube. Nyimbo na mafundisho ya jando, ya wavulana na ya wasichana, hayarekodiwi kwa udadisi wa lugha, na mjifunzaji akiambiwa azime simu, aizime bila kuuliza sababu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inawahimiza watu binafsi na mashirika kukusanya na kuhifadhi lugha za jamii, na himizo hilo ni zuri, lakini halimpi mtu haki ya kuchukua asichopewa.

Mafaili yahifadhiwe sehemu tatu: kwenye simu, kwenye kompyuta au flashi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nywila, kwa sababu simu huibiwa na memori kadi hufa ghafla. Nakala ya nne ni ya mwenye sauti. Iwekwe kwenye memori kadi ya kitochi chake au cha mjukuu anayekaa naye, katika muundo wa MP3, ili nyumba ile isikie kilichochukuliwa kwao, na mara nyingi hapo ndipo mzee husema kuwa jambo fulani hakulieleza vizuri na kutaka lirekodiwe upya.

Baada ya miezi mitatu mjifunzaji ajipime kwa namna moja rahisi. Ampigie simu mwalimu wake, wazungumze kwa dakika tano bila Kiswahili kuingia, na mazungumzo hayo yarekodiwe kwa ridhaa ya wote wawili, simu ikiwa kwenye spika na simu nyingine ikinasa pembeni. Atakapoisikiliza rekodi atakuta mahali alipokwama na kukimbilia Kiswahili, labda kwenye wakati uliopita, labda kwenye idadi, labda kwenye njia ya kukataa jambo kwa adabu. Hapo ndipo penye mada ya kikao kijacho, na swali la kumpelekea mzee litungwe kutokana na hapo.